Nilichojifunza kwa Sanduku la Mchanga

Tangu Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania lilipoanza kulipima bonde la Eyasi-Wembere kwa ndege na kwa mitetemo, habari za mafuta zimerudi midomoni mwa watu wa bara kama zilivyokuwa midomoni mwetu sisi watu wa pwani katika miaka ya 1950, na mimi, ambaye umri wangu mwingi umekwisha katika kazi ya kusoma miamba, sipiti msikitini wala sokoni pasipo mtu kuniuliza binadamu anayajuaje yaliyo chini ya ardhi kilomita tatu au nne, ilhali jicho lake halipenyi hata shubiri moja ya udongo. Swali hilo ni la haki, nami hulijibu kwa furaha. Lakini lililonitia kalamu mkononi ni jingine. Nimepata habari kwamba katika chuo kimoja sanduku la vioo, ambalo wanafunzi walilitumia kuona jinsi matabaka ya ardhi yanavyokunjika na kupasuka, limetolewa nje ili chumba kipate nafasi ya kompyuta, na waliolitoa walisema kwamba mchanga ni mchezo wa watoto ambao zama zake zimepita. Rai hiyo naipinga kwa moyo wangu wote; na kwa kuwa hoja zangu hazikutoka vitabuni peke yake, bali zilinijia moja baada ya nyingine katika safari ya maisha, nitazieleza kwa mfuatano ule ule zilivyonijia.

Nilizaliwa Kilwa, katika siku ambazo kampuni za BP na Shell zilikuwa na idhini ya kutafuta mafuta katika pwani ya Tanganyika, idhini iliyodumu tangu 1952 hadi 1964. Sisi watoto tuliyafuata malori yao hadi pembe ya msitu, tukawaona vibarua wakifyeka njia nyembamba iliyonyooka kama uzi, wakachimba mashimo, wakatia baruti. Ardhi ikatikisika chini ya nyayo zetu, na mtu mmoja ndani ya gari akapokea mtikisiko huo kwenye karatasi ndefu. Karani mmoja alituambia kwamba sauti ya baruti huteremka, hugonga mwamba, hurudi, na kwa muda wa kwenda na kurudi hupatikana kina. Kusini ya mji, upande wa Mandawa, walichoma kisima wakakuta chumvi, tabaka nene la chumvi ya mawe, mabaki ya bahari ya kale iliyokauka zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Habari hiyo iliwashangaza wazee wetu, ambao walikuwa wakipata chumvi kwa kuyaacha maji ya bahari yakauke juani katika mabwawa ya ufukweni, na wakauliza kwa nini mtu agharamie mitambo yote ile kuitafuta chini. Mimi sikushangazwa na gharama. Kilichonikaa moyoni ni kwamba ile karatasi ndefu ilikuwa imewaonyesha wachimbaji kuwa chini kuna umbo, wala haikuwaambia umbo lile limetokeaje.

Miaka mingi baadaye nilipopelekwa masomoni Uingereza nilikutana na jibu la kwanza, nalo lilikuwa ndani ya sanduku. Lilikuwa refu kama meza ya kulia chakula, jembamba, lenye vioo pande mbili, na katikati yake limesimama bamba lililofungwa kwenye parafujo ndefu yenye mpini wa kuzungusha. Mhadhiri wetu, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alimimina mchanga mkavu pande zote mbili za bamba, na kila baada ya unene wa vidole viwili akanyunyiza plasta nyeupe kidogo, hata tulipotazama kupitia kioo tukaona mistari myeupe iliyolala sawasawa, mmoja juu ya mwingine. Kisha akanikabidhi mpini. Nilipouzungusha, bamba likasogea upande wa kulia kwa mwendo ambao jicho halikuuona ila kwa kuulinganisha na alama ya rula. Kwa kitambo hakikutokea kitu. Kisha, upande wa kushoto, ambako bamba lilikuwa likiuachia mchanga nafasi, mistari myeupe ikakatika ghafula mahali pamoja na kipande kimoja kikateremka kwenye mteremko mkali; na upande wa kulia, ambako mchanga ulikuwa ukibanwa, mstari wa chini ukapanda juu ya mwenzake kwenye mteremko wa pole, kikazuka kilima kidogo juu ya uso. Mhadhiri akaweka kipimapembe juu ya kioo: ule mkali ulikuwa karibu digrii 60, na ule wa pole karibu 30.

Pembe hizo mbili ndizo ambazo wapimaji wa miamba huzikuta milimani na mabondeni duniani kote, mwamba unapovutwa au unapobanwa, na sababu yake ni moja, yaani msuguano wa punje kwa punje, ambao katika mchanga mkavu na katika miamba mingi ya tabaka haupishani sana. Atafutaye mafuta huzihitaji kwa dhati. Mafuta ni mepesi kuliko maji, hupanda ndani ya vinyweleo vya mwamba hadi yazuiwe. Na kinachoyazuia aghalabu ni mgongo wa mkunjo uliofunikwa na tabaka la udongo mgumu, au ufa ulioteremsha tabaka la udongo likakaa uso kwa uso na tabaka la mchanga. Anayejua ni nguvu gani ilipita mahali hujua ni mitego ya namna gani aitafute hapo. Baadaye nilipata kujua kwamba sanduku lile lilifuata mfano wa M. King Hubbert, Mmarekani aliyefanya kazi katika maabara za Shell huko Houston, aliyeuandika mwaka 1951.

Siku ile ile nilimwuliza mhadhiri swali ambalo nadhani ndilo lililo nyuma ya dharau ya wale wa chuo nilichokitaja. Nilisema, "Mwalimu, mlima ni mwamba mgumu unaovunja nyundo, na huu ni mchanga unaopita vidoleni, vipi kimoja kimshuhudie mwenziwe?" Hakunijibu kwa maneno. Aliandika ubaoni hesabu ambayo Hubbert huyo huyo aliitoa mwaka 1937, na hesabu hiyo, kwa mukhtasari, ni hii. Tukikubali kwamba sentimita moja ya sanduku isimame badala ya kilomita moja ya ardhi, tumepunguza urefu mara laki moja. Nguvu ya uzito wa dunia haipungui. Inavuta mezani kama inavyovuta mlimani, na uzani wa mchanga kwa kila lita si haba sana kuliko uzani wa mwamba. Basi, ili kielelezo kiwe kweli mfano wa mlima, ugumu wa kitu chenyewe hauna budi kupunguzwa kwa kadiri ile ile, karibu mara laki moja au zaidi. Ukichukua jiwe halisi ukalitia katika mtambo wa mezani utakuwa umetengeneza mfano wa mlima wa chuma usiopata kuwako. Mchanga mkavu, ambao punje zake karibu hazishikamani kabisa, ndio ulio na haki ya kusimama badala ya mwamba. Hubbert aliipeleka hoja hii mbali zaidi mwaka 1945, akatuomba tuwaze jimbo zima la Texas limekatwa kama tofali moja, na kuna winchi ya kutosha kulinyanyua. Akaonyesha kwa hesabu kwamba tofali hilo lingekatika kwa uzito wake lenyewe kabla halijaondoka mahali pake, kwa maana katika ukubwa ule miamba yetu migumu ni dhaifu kama tope.

Naikumbuka saa ile kuwa mwanzo wa kuielewa kazi yangu. Tangu hapo sikulitazama tena jabali nikaliona kuwa kitu kisichobadilika.

Likizo moja nilikwenda Scotland, pwani ya mashariki, kuziona kuta za miamba ambazo James Hutton alizifikia kwa mashua mwaka 1788 akifuatana na John Playfair na kijana mwenye cheo aitwaye Sir James Hall. Katika pwani hiyo matabaka yamesimama wima, na mahali pengine yamejikunja mfululizo, mkunjo juu ya mkunjo, hata mtu hujiuliza ni mkono gani uliyakunja. Hall alikwenda nyumbani akalitia swali hilo mtihanini. Alitandaza mezani vitambaa vya kitani na vya sufu, kimoja juu ya kingine, akaweka juu yake mlango uliokuwa umeng'oka bawaba, akaupakiza uzito, kisha akasimamisha ubao kila upande na kuzigonga mbao hizo kwa nyundo ya mti ili zikaribiane. Na vitambaa vikajikunja kwa umbo lile lile la miamba ya pwani. Akaendelea kwa mtambo na matabaka ya udongo, na habari zake zikachapishwa Edinburgh mwaka 1815.

Wasomaji wengi wa kisa hiki hufurahishwa na mlango. Nami nataka watazame uzito uliokuwa juu yake. Hall alifahamu kwamba vitambaa visivyobanwa kutoka juu vingeinuka tu nundu moja na kuacha pengo chini, na kwamba mkunjo wa ardhi hufanyika katika vina ambako tabaka la juu haliliachii la chini nafasi. Mwamerika Bailey Willis, alipoisoma milima ya Appalachia, alifuata fikra hiyo katika kazi yake ya 1893. Alitumia matabaka ya nta aliyoyafanya laini au magumu kwa kuchanganya vitu vingine, na juu yake akamimina risasi ndogo ndogo za bunduki ziwe uzito. Alionyesha kwamba tabaka gumu ndilo linaloamua upana wa mkunjo, nayo yaliyo laini hufuata na kujaza. Na kwamba mkunjo huanzia mahali ambapo tabaka lilikuwa na mwinamo mdogo tangu asili, hata kama mwinamo huo ulikuwa hafifu kiasi cha kutoonekana. Mambo haya mawili huwafaa watafuta mafuta hadi leo.

Willis huyu ana uhusiano na nchi zetu. Mwaka 1929, akiwa mzee, alikuja Afrika Mashariki kuliangalia Bonde la Ufa, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1936 alishikilia kwamba bonde hilo limefanyika kwa kubanwa, kwamba kingo zake zimesukumwa zikapanda juu ya sakafu yake. E. J. Wayland, aliyeongoza idara ya jiolojia ya Uganda na kuandika juu ya dalili za mafuta kando ya Ziwa Albert, naye alikuwa na rai ya kubanwa. Upande wa pili alikuwako J. W. Gregory, aliyepita Kenya mwaka 1893, ambaye aliona bonde kuwa kipande cha ardhi kilichodidimia baina ya nyufa mbili nchi ilipovutwa. Wakati umempa Gregory haki katika jambo kubwa, yaani kuvutwa. Sitathubutu kusema kwamba Willis alipotoshwa na nta zake. Lakini nadhani mtu aliyetumia ujana wake kubana matabaka, na kuyaona yakimjibu kwa ufasaha namna ile, huwa mwepesi wa kuona kubanwa kila aendapo. Kielelezo hujibu lile liulizwalo, na asiyekiuliza kuvuta hatapata jibu la kuvuta.

Jambo hilo lilinithibitikia kwa nguvu zaidi katikati ya miaka ya 1980, nilipokuwa nikifanya kazi Dar es Salaam. Mradi uitwao PROBE, ulioongozwa na Bruce Rosendahl wa Chuo Kikuu cha Duke, ulikuwa umepitisha meli na vyombo vya mitetemo juu ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, na nakala za picha zake zilipofika mezani petu zilituweka kimya wote. Tulifundishwa kwamba chini ya maziwa haya mna bonde lenye kuta mbili zinazofanana, ufa mkubwa kulia na ufa mkubwa kushoto. Picha zilionyesha nusu bonde. Upande mmoja mna ufa mkubwa wa kutisha, ambao matabaka ya chini ya ziwa yameinamia kuuelekea, na upande wa pili ardhi imeshuka kwa mwinamo tu, kama kifuniko cha kasha kinachoning'inia kwenye bawaba zake. Zaidi ya hapo, kila baada ya masafa fulani ufa mkubwa huhama ng'ambo: ulio mashariki huishia, na wa magharibi huanza, na baina yao chini ya maji hukaa kigongo kilichopinda.

Ili tujue umbo hilo limetokeaje, tulikwenda kwa akina mama wafinyanzi tukanunua udongo, tukautia maji hata ukawa laini kiasi cha kutosimama wenyewe, tukautandaza juu ya mabati mawili yaliyokutana katikati ya meza. Tulipoyavuta mabati yote mawili sawasawa, udongo ulitoa lile bonde la kitabuni, lenye kuta mbili, ambalo Mjerumani Hans Cloos alilipata kwa udongo wake zaidi ya nusu karne kabla yetu. Tulipolikaza bati moja lisitikisike na kulivuta la pili peke yake, uso ukavunjika kwa upande, ufa mmoja ukawatawala wenzake wote na udongo ukainama kuuelekea. Na tulipolivuta kwa mshazari, hapo ndipo mmoja wetu alipoinama akaweka uso karibu na udongo asiondoke: vilianza vijiufa vifupi vingi, kila kimoja kimelala kwa kinyume kidogo cha ukingo wa bati, vimepangana kwa ngazi, vikarefuka polepole, na baina ya ncha za viwili vilivyokaribiana udongo haukukatika bali ulibaki umeteremka kama njia ya kupandia. Hatimaye njia nyingine zikakatika, nyingine zikabaki.

Njia hizo za kupandia zina thamani kubwa. Ukuta wa ufa mkubwa huizuia mito. Maji ya nyanda za juu hayawezi kuuruka yakaingia ziwani, hugeuka yakaenda upande mwingine. Mto huingia pale ambapo ufa mmoja umeisha na mwingine haujaanza, na hapo ndipo unapomwaga mchanga wake, na mchanga huo, ukifunikwa na tope la ziwa na kushindiliwa kwa mamilioni ya miaka, ndio unaokuja kuwa mwamba wenye vinyweleo vya kubeba mafuta. Picha ya mitetemo huonyesha ufa kama ulivyo leo, umekwisha kuungana na kuwa mstari mmoja mrefu. Udongo wa mezani ulitukumbusha kwamba zamani ulikuwa vipande, na ukatufundisha mahali pa kuuliza mchanga ulipitia wapi. Niliposikia mwaka 2006 kwamba mafuta yamepatikana kando ya Ziwa Albert, huko Hoima, na mwaka 2012 kwamba kisima cha Ngamia-1 huko Turkana, kilichochimbwa kando ya ufa mkubwa wa magharibi wa bonde la Lokichar, kimekuta mafuta, niliikumbuka meza yetu na mabati yake. Butiaba, kando ya Ziwa Albert hilo hilo, kilichimbwa kisima mwaka 1938 na dalili zikaonekana. Ilichukua karibu miaka sabini hadi watu wajue pa kuchoma.

Sasa nirudi kwenye chumvi, maana iliniandama tangu utotoni. Chumvi ya mawe, ijapokuwa mkononi ni ngumu, ikifunikwa na uzito wa kilomita kadhaa hutiririka polepole katika umri wa dunia, na mahali pengine imepanda ikatoboa matabaka yaliyo juu yake. Kilima cha Spindletop huko Texas, kilichobubujisha mafuta Januari 1901 na kuifungulia Marekani ukurasa mpya, kilikuwa juu ya kuba la chumvi. Mwaka 1934 L. L. Nettleton aliifafanua nadharia kwamba chumvi hupanda kwa sababu ni nyepesi kuliko mashapo yanayoifunika, na kielelezo chake kilikuwa mafuta mazito ghafi yaliyopanda ndani ya sharubati nzito ya mahindi. Kilikuwa kizuri mno machoni, na wataalamu wengi, nasi tukiwa nyuma yao, waliichukua nadharia hiyo kwa yakini.

Mahali pamoja katika pwani yetu ya kusini palizuka mabishano juu ya picha ya mitetemo iliyokuwa na doa jeusi katikati, pasipoonekana kitu, na pande zote mbili nyufa. Kampuni iliyokuwa na idhini ilikuwa na mchoro wake: chumvi imepanda kwa wepesi wake, ikavunja kifuniko, kwa hiyo nyufa ni watoto wa chumvi. Wengine wetu tulikuwa tumesoma kazi ya Bruno Vendeville na Martin Jackson wa Chuo Kikuu cha Texas, iliyotoka mwaka 1992, ambao waliacha sharubati wakatumia mchanga juu na silikoni chini, na kwa mchanga huo kifuniko kikawa na ugumu wake wa haki, ambao sharubati ya Nettleton haikuwa nao. Tukataka tujaribu wenyewe.

Mchanga wa ufukweni haukufaa, kwa kuwa una vipande vingi vya matumbawe na makombe. Tulikwenda vilima vya Pugu, tukachukua mchanga mweupe, tukauosha udongo wake wa kaolini hata maji yakawa safi, tukauanika, tukauchunga, sehemu tukaitia rangi ya wino. Silikoni, gundi nzito inayotambaa kwa uzito wake yenyewe ukiiacha mezani usiku kucha, ililetwa na rafiki kutoka Ulaya. Sanduku lilitengenezwa na fundi seremala wa Kariakoo, mtu mzima ambaye nilimwita Baba Mkubwa, naye akatumia parafujo ya jeki ya gari kuwa mtambo wa kuvutia. Tuliiweka silikoni chini, mchanga juu, tukaondoka bila kuvuta. Asubuhi mistari ilikuwa vile vile ilivyolala jioni. Chumvi yetu ya bandia, kwa wepesi wote uliodhaniwa, haikuinua hata punje. Ndipo tulipovuta, polepole mno. Mchanga ukapasuka, kipande cha katikati kikadidimia, kifuniko kikawa chembamba, na silikoni ikaanza kuingia mahali palipoachwa wazi, ikapanda kadiri ilivyopewa nafasi. Tulipoendelea kuvuta, ikafika wakati ambapo silikoni iliyobaki chini haikutosha kuujaza upana ule, na kuba lililokuwa limepanda likaanza kushuka, na mchanga wa juu yake ukashuka nao.

Baba Mkubwa alikuwa amesimama akitazama. Akaniambia, "Mwanangu, hicho unachokitazama ni mchanga ulioshikwa na kioo. Kata katikati ndipo uone."

Tuliunyunyizia maji mpaka ukalowa na kushikamana, tukaukata kwa bati lenye makali, kipande kwa kipande, tukapiga picha kila uso. Fundi alikuwa amesema kweli: katikati nyufa zilikuwa mahali pengine kidogo, na kuba lilikuwa pana zaidi. Miaka mingi baadaye, mwaka 2006, nilisoma kazi ya maabara kadhaa za mataifa mbalimbali zilizokubaliana kufanya jaribio moja kwa maagizo yale yale. Maumbo makubwa yalifanana, lakini idadi ya nyufa na nafasi baina yake zilitofautiana, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni msuguano wa kuta za sanduku na namna mchanga ulivyomiminwa. Fundi wa Kariakoo aliliona hilo kwa macho yake akiwa na patasi mkononi.

Faida ya jaribio letu ilikuwa katika mpango wa nyakati. Ikiwa chumvi ndiyo iliyotangulia na nyufa zikafuata, mitego ingekuwa imekwisha kufanyika kabla mwamba wa chini haujaiva na kutoa mafuta, na mafuta yangeikuta inayangoja. Ikiwa kuvutwa kulitangulia, na kuba likapanda kisha likashuka, basi mitego ya ubavuni ilivunjika upya baadaye, na mafuta yaliyokuwamo yalipata njia ya kutoka. Tulilieleza hili kwa barua na kwa picha. Kampuni ilichimba kwa kufuata mchoro wake wa kwanza, kwa kuwa fedha zilikwisha kuidhinishwa na mtambo ulikuwa njiani, na kisima kikatoa maji ya chumvi. Sidai kwamba mchanga wa Pugu uliyajua maji hayo. Mchanga uliondoa mchoro mmoja kati ya michoro iliyokuwako mezani, basi. Lakini katika kazi ambayo shimo moja hugharimu mamilioni ya dola, kuondoa mchoro mmoja kwa gharama ya vioo na jeki ni jambo ambalo lilistahili kusikilizwa, na uchungu wake haujanitoka.

Kompyuta siichukii. Nimeona vijana wetu wakiligawa bonde kwa vipande milioni na kulirudisha nyuma hadi siku lilipoanza kuvutwa, na nimeheshimu. Nimeona pia, katika kazi za Wafaransa wa miaka ya 1990, sanduku la mchanga likitiwa ndani ya mashine ya eksirei ya hospitali, ile inayopiga picha ya mwili kipande kwa kipande, na matumbo yake yakaonekana likiwa bado linabanwa, bila kukatwa. Mashine na mchanga husaidiana. Lakini kompyuta huhitaji kuambiwa mwamba huvunjika kwa kanuni gani, na mahali ambapo kanuni haikuandikwa hapatatokea ufa. Mchanga huvunjika kwa kanuni zake ambazo hatujazimaliza kuziandika, na kwa hiyo unaweza kumwonyesha mtu jambo ambalo hakulitia. Mwanafunzi ambaye mkono wake umezungusha mpini, akangoja, akaona mstari mweupe ukikatika mahali asipotarajia, huijua ardhi kwa namna ambayo sijaona ikipatikana kwa njia nyingine. Wanaotupa sanduku wanawanyima wanafunzi elimu hiyo, na kwa nchi inayotaka watoto wake wenyewe wasome picha za mabonde yake badala ya kusomewa na wageni, hasara hiyo si ndogo.

Na kazi ipo inangoja. Bonde la Eyasi ni nusu bonde, ufa wake mkubwa uko upande wa kaskazini-magharibi, chini ya ile kingo inayoonekana kutoka mbali. Nalo limelala kuelekea kusini-magharibi, hadi Wembere na nyanda za Manonga, ilhali tawi kubwa la Bonde la Ufa upande wa Natron na Manyara hushuka kuelekea kusini. Matawi hayo mawili yanakaribiana kwenye nyanda za Ngorongoro, kando ya kiini kigumu cha miamba ya kale ya nchi yetu. Nchi ilipovutwa, haikuwezekana matawi yote mawili yavutwe kwa pembe moja. Mojawapo lilivutwa kwa mshazari, na lililovutwa kwa mshazari huanza kwa vijiufa vilivyopangana kwa ngazi, na baina ya vijiufa hivyo mito ya kale ilipata pa kupita. Ni wapi hasa ilipopita ndilo swali ambalo wachimbaji watahitaji kulijibu kabla ya kuchagua pa kuchoma kisima cha kwanza kirefu. Mabati mawili yakikatwa kwa pembe hizo, na juu yake ukatiwa udongo laini, na mahali pa kiini kigumu ukawekwa mgumu zaidi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kulianza swali hilo alasiri moja. Nami, kama chuo kile kitakubali kunipa lile sanduku lililo nje, niko tayari kulichukua kwa gari langu na kumfundisha yeyote atakayekuja.